Maisha ya Sir Arthur Sullivan, Mtunzi wa Mahadhi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwalimu anayesimamia gazeti letu ameniomba niwaandikie wasomaji maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Nimemchagua Sir Arthur Sullivan, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1842 na kufariki mwaka 1900, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutia mahadhi katika maneno ya watu wengine. Najua ya kuwa wengi wenu hamkupata kulisikia jina lake, na pengine mtauliza kwa nini nimewaacha watu wa karibu nikaenda kumtafuta mtu wa mbali. Jibu langu ni kwamba mtu huyu amenitoa katika kosa, na aliyekutoa katika kosa si wa mbali tena. Basi niruhusuni niseme kwanza habari ya kosa lenyewe, kisha niingie katika maisha yake.

Muhula uliopita shule ilitaka wimbo mpya wa Siku ya Wazazi. Kazi ya kutunga maneno nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshinda katika mashindano ya mashairi baina ya mabweni. Nikatunga beti saba, kila mstari mizani 16, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa, nami nikajiona malenga. Kwa kuwa hapakuwa na mtu miongoni mwetu aliyeweza kuutia mahadhi, shule ilimwalika mzee mmoja wa mjini, fundi wa udi na fidla, ambaye ameishi kwa kazi ya muziki tangu ujana wake.

Mzee yule alinisikiliza kwa adabu nikisoma beti zote. Akasema kuwa ni nzuri. Kisha akaniomba mambo mawili. La kwanza, beti saba ziwe nne, kwa kuwa wazazi watakuwa wamesimama juani. La pili, kina changu cha mwisho, kilichokuwa mu, kibadilishwe kiwe chenye sauti ya a, kwa kuwa mahali pale wimbo unapanda na kuvutwa, na mwimbaji hawezi kuvuta sauti vizuri ilhali midomo yake imekaribia kufunga.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba shairi si kanzu hata likatwe kwa kipimo cha mvaaji, nikakunja karatasi zangu. Mzee hakunijibu neno. Alitia udi wake katika mfuko, akaaga, akaenda zake. Wiki mbili zikapita shule haina wimbo. Mwalimu wetu wa Kiswahili hakunikemea. Alinipa kitabu cha maisha ya Sullivan kutoka maktaba, akaniambia nikisome chote katika saa za kujisomea usiku, kisha nimwambie, katika watu wawili wakubwa wa kitabu kile, mimi ni yupi. Haya ndiyo niliyoyasoma.

Arthur Seymour Sullivan alizaliwa tarehe 13 Mei, 1842, huko Lambeth, katika jiji la London. Baba yake, Thomas Sullivan, alikuwa mpiga ala asiye na mali, ambaye baadaye alipata kazi ya kuongoza bendi katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Mtoto alikuwa akishinda katika chumba cha mazoezi ya bendi, akiomba kujaribu kila ala aliyoiona, hata alipofika umri wa miaka minane aliweza kupiga karibu ala zote za kupuliza zilizokuwamo. Baba aliyajua mashaka ya kazi ya muziki, wala hakuwa na haraka ya kumwona mwanawe akiyaingia. Lakini kijana alikuwa ameshika njia yake. Mwaka 1854 aliingia katika kwaya ya watoto ya kanisa la kifalme, ambako alipata sauti iliyofundishwa vyema na masomo ya bure.

Mwaka 1856 palitolewa kwa mara ya kwanza msaada wa masomo uliopewa jina la Mendelssohn, yule mtunzi mkubwa wa Ujerumani. Washindani wengi walijitokeza, na mwishowe wakabaki wawili, aliye mkubwa kuliko wote na aliye mdogo kuliko wote. Walipimwa tena, na aliye mdogo akashinda. Ndiye Arthur, mwenye miaka 14. Msaada ule ulimsomesha katika Royal Academy of Music mjini London, na mwaka 1858 ukampeleka Leipzig, Ujerumani, alikokaa hata mwaka 1861. Mwaka uliofuata muziki alioutunga kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare uitwao The Tempest ulipigwa katika jumba la Crystal Palace, naye akawa mtu wa kutajwa kila mahali hali hajatimiza miaka 20.

Sifa ni kitu kizuri, lakini haijazi chungu. Kwa miaka mingi Sullivan alifundisha wanafunzi, alipiga kinanda kanisani, na alitunga nyimbo za kuimbwa sebuleni. Katika kazi zile za kutafutia riziki mlikuwamo vitu vilivyoishi kuliko mtunzi wao. Wimbo wa kanisa wa Kiingereza uitwao Onward, Christian Soldiers, ambao mahadhi yake aliyatunga mwaka 1871, umo hata katika vitabu vya nyimbo vya Kiswahili, na baadhi yenu mmeuimba bila ya kujua jina la mtu aliyeutia sauti. Tena alikuwa mtu wa kuheshimu kazi ya wenziwe. Mwaka 1867 alisafiri na rafiki yake George Grove mpaka Vienna kutafuta kazi za Schubert zilizokuwa zimepotea, wakazikuta zimefunikwa na vumbi kabatini, wakakaa kuzinakili mpaka saa nane za usiku.

Sasa naingia katika habari ya mwenziwe, kwani hapana awezaye kuandika maisha ya Sullivan akamwacha William Schwenck Gilbert. Gilbert alizaliwa London mwaka 1836. Alipata kuwa karani wa serikali, kisha wakili asiye na wateja wengi, kisha akagundua kwamba mashairi yake ya mzaha, aliyoyachorea picha mwenyewe, yalipendwa kuliko hoja zake mahakamani. Akawa mwandishi wa michezo ya kuigiza. Watu hawa wawili hawakufanana. Sullivan alikuwa mpole, mwenye marafiki kila upande, mpenda karamu, na kwa bahati mbaya mpenda kamari pia. Gilbert alikuwa mkali, mwenye ulimi mwepesi, mtu asiyeweza kusamehe kosa dogo katika kazi wala katika hesabu.

Walifanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza mwaka 1871, katika mchezo ulioitwa Thespis. Ulitungwa kwa haraka, ukachezwa kwa muda mfupi, na sehemu kubwa ya muziki wake imepotea. Wakaachana, kila mtu akashika kazi zake. Pengine wasingekutana tena lau si Richard D'Oyly Carte, mtu wa biashara ya michezo, ambaye mwaka 1875 alihitaji mchezo mfupi wenye nyimbo. Gilbert alikuwa nao, hadithi ya mzaha juu ya kesi mahakamani. Akaenda nyumbani kwa Sullivan siku ya theluji, akamsomea maneno yote kwa sauti ya mtu aliyechukizwa na kazi yake mwenyewe, na alipofika mwisho akafunga karatasi kwa hasira. Hakuwa ameona kwamba mwenyeji wake alikuwa akicheka tangu mwanzo. Mahadhi yalikuwa tayari baada ya wiki chache, na mchezo huo, Trial by Jury, ulifunguliwa tarehe 25 Machi, 1875. Nduguye Sullivan, Fred, ndiye aliyecheza hakimu. Fred alifariki mapema mwaka 1877, akaacha mjane na watoto wengi, na Sullivan akaubeba mzigo wa jamaa ile kana kwamba ni wake.

Hapa nilisimama katika kusoma nikajiuliza: wawili hawa walifanyaje hasa kazi yao? Kwa kuwa ndilo jambo lililonigusa, nitalieleza kwa urefu.

Maneno yalitangulia. Gilbert aliandika hadithi katika daftari, akaiandika tena na tena mpaka imekaa sawa, kisha akatunga nyimbo na kumpelekea mwenziwe, sehemu kwa sehemu. Sullivan alipozipata hakuanza kutafuta mahadhi. Alianza kutafuta mdundo. Aliandika vialama vifupi na virefu juu ya mstari, akajaribu namna moja, akajaribu ya pili na ya tatu, na hakuligusa jambo la sauti kupanda na kushuka mpaka ameupata mdundo uliomridhisha. Sisi tunaosoma mashairi ya Kiswahili twaweza kumfahamu upesi. Mstari wa mizani nane waweza kwenda nne kwa nne, waweza pia kwenda tatu, tatu na mbili. Mizani ni ile ile, maneno ni yale yale, lakini wimbo wa kwanza unatembea na wa pili unacheza. Mtunzi wa maneno huhesabu mizani, bali mtunzi wa mahadhi huamua mguu upi utakanyaga kwa nguvu.

Baada ya hapo alitunga sehemu za waimbaji wengi na za mwimbaji mmoja mmoja, watu wakaanza mazoezi. Sehemu za ala aliziandika mwisho kabisa, aghalabu usiku, siku chache tu kabla ya kufungua mchezo. Wakati huo Gilbert alikuwa na kazi yake. Nyumbani alikuwa na jukwaa dogo la mfano, na vipande vya miti vilivyosimama badala ya waigizaji, akipanga kila mtu asimame wapi na apite wapi. Alipofika jukwaani hakukisia jambo.

Mwaka 1888, walipokuwa wakitengeneza The Yeomen of the Guard, Gilbert alileta wimbo mmoja ambao kila ubeti wake ulikuwa mrefu kuliko ule uliotangulia. Sullivan alihangaika nao kwa siku nyingi, asipate njia. Mwishowe alimwuliza Gilbert kama alikuwa na sauti yoyote kichwani alipouandika. Gilbert hakuwa mjuzi wa muziki, naye alikuwa akikiri hivyo. Lakini alikuwa amewasikia mabaharia wa chombo chake wakiimba wimbo wa kazi, na maneno yake aliyajenga juu ya wimbo ule. Akaanza kuuimba kwa kunong'ona. Hakufika mbali, Sullivan akamzuia kwa kuwa alikuwa ameshaipata njia. Wimbo uliotoka pale ni miongoni mwa nyimbo zao bora. Fikirini: bingwa wa muziki aliyesomea Leipzig hakuona haya kumwomba asiyejua muziki amwimbie, na mtu mwenye kiburi kama Gilbert hakuona haya kuimba mbele ya bingwa.

Kazi zao zilifuatana kwa miaka mingi. H.M.S. Pinafore ilifunguliwa tarehe 25 Mei, 1878. Nyimbo zake ni za furaha na mzaha, lakini Sullivan alizitunga akiwa katika maumivu makali ya figo, ugonjwa uliomtesa hata mwisho wa maisha yake. Mchezo ule ulichezwa mara 571. Kule Marekani ulichezwa na makundi mengi yasiyolipa hata senti moja kwa wenye kazi, kwa kuwa sheria haikuwalinda watunzi wa kigeni. Basi mchezo uliofuata, The Pirates of Penzance, wakaenda kuufungua wenyewe New York tarehe 31 Desemba, 1879. Sullivan alipofika kule aligundua kuwa karatasi za sehemu ya kwanza amezisahau London. Akakaa akaiandika tena kwa kukumbuka, usiku na mchana, mpaka siku ya kufungua mchezo.

Mwaka 1881 Carte aliwajengea jumba lao London, Savoy Theatre, lililowashwa kwa taa za umeme zipatazo 1,200. Linahesabiwa kuwa jumba la kwanza la watu wote duniani kuwashwa lote kwa umeme. Mapatano yao yalikuwa wazi: baada ya kuondoa gharama, faida igawanywe mafungu matatu sawasawa, la Gilbert, la Sullivan, na la Carte. Tarehe 25 Novemba, 1882, usiku wa kufungua Iolanthe, Sullivan alipata habari saa chache kabla ya mchezo kwamba watu waliomshikia akiba yake wamefilisika, naye amepoteza pauni zipatazo 7,000. Hata hivyo alikwenda, akasimama mbele ya wapiga ala, akaongoza mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi bila ya kujua alilobeba moyoni.

Mwaka 1883 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Mtu angedhani kuwa sasa ametosheka. Lakini hapo ndipo uchungu ulipoanza kupanda, na ndipo nilipoanza kumwona mzee wangu wa udi katika kurasa za kitabu.

Sullivan aliona kwamba muziki wake umekuwa mtumishi wa maneno. Kila mara alilazimika kuupunguza ili maneno ya mzaha yasikike hadi kiti cha nyuma. Rafiki zake wakubwa walimwambia kuwa mtu wa elimu yake hastahili kuchezea mambo ya kuchekesha, ila atunge kazi nzito. Mwaka 1884 Gilbert alimletea hadithi ya dawa ya miujiza igeuzayo tabia za watu. Sullivan akaikataa, akasema amechoka na miujiza na anataka hadithi ya watu wenye mioyo ya kweli. Gilbert aliudhika sana, kwa kuwa aliona ametukanwa katika kazi yake. Barua zikaenda zikarudi kwa wiki nyingi. Mwishowe Gilbert aliiacha dawa yake, akaleta hadithi iliyovishwa mavazi ya Ujapani, isiyo na muujiza hata mmoja. Sullivan akaipokea mara moja. Mchezo huo ni The Mikado, uliofunguliwa tarehe 14 Machi, 1885, ukachezwa mara 672, na hata leo ndio unaopendwa kuliko yote waliyoifanya. Yafaa tuone kwamba kazi yao bora ilipatikana baada ya mmoja kusema hapana, na wa pili kukubali kuacha alichokipenda.

Lakini mwaka 1890 kulitokea ugomvi wa namna nyingine. Mchezo wao wa The Gondoliers ulikuwa umefunguliwa mwezi Desemba 1889 na kuleta faida nyingi. Gilbert aliporudi kutoka safari ya Bara Hindi aliletewa hesabu ya gharama, akakuta pauni 4,500. Ndani yake aliambiwa mlikuwamo pauni 500 za zulia jipya la mbele ya jumba. Akasema zulia la jumba ni juu ya mwenye jumba, wala si juu ya watunzi. Baadaye ilionekana kuwa zulia lenyewe lilikuwa la pauni 140 tu. Carte hakukubali. Sullivan akasimama upande wa Carte, kwani Carte alikuwa akimjengea jumba jipya la kuchezea ile opera nzito aliyoitamani maisha yake yote. Jambo likafika mahakamani, na Sullivan akatia sahihi kiapo kilichosema jambo la hesabu lisilokuwa sahihi. Gilbert hakulisahau.

Hivyo watu waliostahimiliana miaka kumi na mitano katika mambo magumu ya kazi, wakavumilia kukatiwa beti na kukataliwa hadithi, walitengana kwa ajili ya zulia. Kwa kweli zulia lilikuwa kisingizio. Kila mmoja kwa siri alikuwa akiona kwamba yeye anatoa zaidi na kuheshimiwa kidogo. Jambo kama hilo lisiposemwa mapema, hungoja siku ya hesabu.

Ile opera nzito, Ivanhoe, ilifunguliwa mwezi Januari 1891. Sullivan alikuwa amemtaka Gilbert aandike maneno, lakini Gilbert alikataa, akasema katika kazi kama ile mwandishi humezwa na muziki, akamtajia mwandishi mwingine, Julian Sturgis. Opera ilichezwa mara zipatazo 150, kisha ikanyamaza, na jumba jipya likauzwa. Gilbert naye aliandika na watunzi wengine, wasipate kitu cha kukumbukwa. Wawili wale wakapatanishwa wakatoa michezo mingine miwili, Utopia, Limited mwaka 1893 na The Grand Duke mwaka 1896, lakini moto wa zamani ulikuwa umezimika. Mwaka 1898, mchezo wao mmoja wa zamani uliporudishwa, walitoka jukwaani wote wawili kupokea makofi ya watu, wakarudi nyuma ya pazia bila ya kusemezana.

Mwezi Novemba 1900 palifanywa shauri la kurudisha mchezo wao wa Patience, na watatu wote, Gilbert, Sullivan na Carte, watokee mbele ya watu. Wote walikuwa wagonjwa. Sullivan hakuweza kuinuka kitandani. Gilbert alimwandikia barua ya kumtakia heri kabla ya kusafiri kwenda Misri kutafuta afya, na huko ugenini ndiko alikopata habari ya msiba. Sullivan alifariki London tarehe 22 Novemba, 1900, mwenye miaka 58. Alikuwa ametaka kulazwa karibu na wazazi wake, lakini Malkia Victoria aliamuru azikwe katika kanisa kuu la St Paul's. Gilbert aliishi hata tarehe 29 Mei, 1911, akafa katika ziwa la nyumbani kwake alipoingia majini kumsaidia msichana aliyedhani anazama.

Leo zile kazi nzito alizozitamani Sullivan huchezwa kwa nadra. Zile alizozifanya na Gilbert huchezwa bado mashuleni na katika majumba makubwa. Simwoni kuwa alikosea kutamani makubwa, kwani mtu asiyetamani hafundishiki. Lakini naona kwamba kila mmoja alimhitaji mwenziwe kuliko alivyotaka kukiri. Maneno ya Gilbert yalikuwa makavu kama kuni. Mahadhi ya Sullivan yaliyatia moto. Na mahadhi ya Sullivan peke yake yalikuwa laini mno. Maneno ya Gilbert yaliyatia mifupa.

Nilipomrudishia mwalimu kitabu, aliniuliza tena mimi ni yupi. Nilimjibu kuwa nilikuwa na kiburi cha Gilbert bila ya kazi yake, na kwamba mzee wa udi nilikuwa nimemfanya mtumishi wa karatasi yangu. Mwalimu alicheka, akanipa ruhusa ya kwenda mjini Jumamosi.

Nilimkuta mzee barazani akibadilisha nyuzi. Nikampa shikamoo, naye akaniitikia marahaba, akaniuliza kama nimekuja na karatasi, kana kwamba nilikuwa nimetoka pale jana. Nilimwomba radhi. Kisha nikamwomba jambo ambalo Gilbert alimfanyia Sullivan, lakini kwa kugeuza: aniimbie kwanza mahadhi yake bila ya maneno. Akaimba taratibu huku akigonga ubao wa udi kwa kidole. Nikajaribu kuweka mistari yangu juu ya sauti ile, nikaona mwenyewe kwamba miwili niliyoipenda kuliko yote haina mahali pa kuvuta pumzi. Nikaikata kwa mkono wangu. Kina cha mu nikakigeuza. Tulipofika kwenye beti, alitaka nne, nami nikamsomea tena ubeti wa tano, ule unaowataja mama zetu wanaouza sokoni ili tusome. Alinyamaza kidogo, akasema huo ubaki, hata kama jua ni kali.

Jambo la mwisho tulilolifanya kabla sijaondoka lilikuwa la zulia. Shule ilikuwa imeahidi zawadi ndogo ya fedha, tena majina yangeandikwa katika karatasi ya ratiba. Nilikuwa nikiona haya kulitaja, lakini nikamkumbuka Sullivan, nikalitaja. Tukapatana nusu kwa nusu, na majina mawili kwenye mstari mmoja, la mtunzi wa maneno na la mtunzi wa mahadhi. Mzee aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi mimi ndiye mtunzi wa maneno wa kwanza kumwuliza hilo kabla ya wimbo kuimbwa badala ya baada.

Wazazi mliokuwapo siku ile mliusikia wimbo wenyewe. Mliposimama kwenye ubeti wa tano mkapiga vigelegele, mimi nilikuwa nyuma ya kwaya, na mzee alikuwa mbele na udi wake. Aligeuka akanitazama mara moja, kisha akaendelea kupiga.